Ramani Kwanza, Bahasha Baadaye

Misa inakaribia kwisha, matangazo yanasomwa, na katibu wa kamati ya ujenzi anasogea mbele na karatasi yake. Kanisa litakarabatiwa. Kila jumuiya imepangiwa kiasi chake, bahasha zitachukuliwa kwa viongozi, akina mama wa WAWATA watashughulikia chakula siku ya harambee. Mzee mmoja akinyoosha mkono kuuliza ni nini hasa kitakachokarabatiwa, anajibiwa kwa upole kwamba wataalamu wapo. Kisha inatupwa methali ili watu wacheke: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Methali hiyo nimeisikia katika parokia zaidi ya moja na nimechoka nayo. Nyuma yake kuna imani tuliyoimeza bila kutafuna, kwamba kanisa likikarabatiwa muumini kazi yake ni kutoa, na kupanga ni kwa paroko, kamati na fundi. Imani hiyo ni potofu, tena inatugharimu.

Kanisa nilimosali kwa miaka mingi lilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu, madirisha ya mbao yaliyofunguka yote, na paa lililovuja upande wa kwaya. Baada ya harambee tatu tukapata vigae vinavyong'aa, dari ya jipsamu na madirisha ya alumini ya kusukuma. Kwa picha, kanisa lilipendeza sana. Lakini dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, hivyo Misa ya pili watu hujipepea kwa vitabu vya nyimbo. Sauti inagonga vigae na kurudi. Waliokaa nyuma husikia mahubiri mara mbili na hawaelewi hata mara moja. Mvua ikinyesha, mabibi huingia wameshikana mikono kama wanaovuka mto. Na paa? Linavuja palepale, ila sasa maji yanaacha madoa ya kahawia kwenye jipsamu mpya.

Mama anayefagia kanisa kila Jumamosi alikuwa akihamisha ndoo chini ya tundu lile tangu mvua za miaka kadhaa nyuma. Alijua maji yanaingilia wapi na yanatiririkia wapi. Hakuulizwa. Kamati ilikuwa ya wanaume tisa, mmoja wao muuza vifaa vya ujenzi, na hapo sisemi zaidi.

Watetezi wa methali watanikumbusha Mkunazini, Zanzibar. Katika kanisa kuu la Kianglikana, lililojengwa miaka ya 1870 mahali palipokuwa soko la watumwa, kuna nguzo ambazo wageni huonyeshwa hadi leo: zimesimama kichwa chini, miguu juu. Husimuliwa kwamba Askofu Edward Steere alikuwa amesafiri, mafundi wakazisimamisha walivyodhani. Unaona, wataniambia, watu wakiachiwa kazi huigeuza juu chini! Mimi hadithi hiyo naisikia vingine. Mafundi wale walikabidhiwa nguzo bila kuelezwa. Mpango ulibaki kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa safarini. Ndivyo zilivyo parokia zetu: paroko akihamishwa katikati ya ujenzi, anayefuata hukuta nondo zimechomoza na hakuna muumini anayeweza kumwambia zilikusudiwa kubeba nini.

Wala tusijifiche nyuma ya sheria ya Kanisa. Ni kweli, kanisa halijengwi bila kibali cha askofu kwa maandishi, na katika kujenga na kukarabati, kanuni ya 1216 inataka ushauri wa wataalamu. Lakini sheria hiyohiyo ya mwaka 1983, katika kanuni ya 212, inawapa waamini haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao juu ya mambo ya manufaa ya Kanisa. Haikusema haki hiyo inaishia mfukoni.

Sisemi tupige kura juu ya unene wa nondo. Kuna mambo waumini tunakosea, na tunakosea kwa kujiamini. Chukua makanisa ya kale ya pwani, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo unapumua. Unyevu huingia na kutoka. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inasukuma, na baada ya muda lipu inabanduka na vipande vya jiwe. Tungeulizwa leo, wengi wetu tungechagua saruji, maana ndiyo tunayoiona ya kisasa. Ndiyo sababu mtaalamu aje atueleze sisi, si kamati peke yake. Yeye ataondoka. Tutakaoziba ufa mwaka wa kumi ni sisi.

Na msiseme hakuna njia ya kutufikia. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha uchungaji miaka ya 1970, na hadi leo tunakutana nyumba kwa nyumba. Bahasha hutufikia wiki hiyohiyo. Maswali yangeweza kupita njia ileile: ukikaa wapi huioni altare? Wapi husikii? Mwenye kiti cha magurudumu anaingilia mlango gani, na mama mwenye kichanga anakwenda wapi mtoto akilia? Mchora ramani naye aje Misa ya pili, akae nyuma kabisa, siku ya jua kali. Kisha arudi siku ya mvua.

Kamati itasema hayo yatachelewesha kazi. Yacheleweshe. Harambee tatu zilituchukua miaka minne na hakuna aliyelalamika.

Bahasha ya mwaka huu ninayo, iko juu ya kabati, bado tupu. Wanakamati, bandikeni ramani na makadirio ya gharama pale mlangoni, na mtuachie Jumapili tatu za kuuliza maswali. Ya nne nitaileta imejaa.