Skrini mbili, sauti moja: mtihani wa vibanda vya mpira Kasese na Bwera

Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zitachezwa katika ardhi ya Kenya, Tanzania na Uganda, heshima ambayo Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilizikabidhi nchi hizo tatu Septemba 2023. Viwanja vinazungumzwa, barabara zinazungumzwa, na tiketi nazo zitazungumzwa muda ukiwadia. Kinachotajwa kwa nadra ni mahali ambapo watu wengi wataitazamia michuano hiyo: kibanda cha video, chenye mabati juu, mabenchi chini na runinga mbili au tatu ukutani.

Kutoka mji wa Kasese hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 300. Kwa anayeishi Mahango, kwenye miteremko ya Rwenzori, au Bwera, jirani na mpaka wa Mpondwe, kibanda ndicho uwanja. Na kwa msikilizaji wa Kiswahili katika pande hizo, mtu aliyezungukwa na Lhukonzo nyumbani, Kiingereza ofisini na Luganda katika filamu, haitoshi picha ionekane. Anataka pia kujua ni lugha gani itakayotoka kwenye spika. Suala la mitambo na suala la lugha hujadiliwa mbalimbali, la kwanza na mafundi, la pili na wanasiasa. Ukiufuata waya kutoka kwenye king'amuzi hadi kwenye spika, utayakuta yote mawili mahali pamoja.

Kwa nini skrini zaidi ya moja

Mzigo huu una tarehe yake. Juni 25, 1982, mjini Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria 1-0, matokeo yaliyozivusha timu zote mbili na kuitoa Algeria, ambayo ilikuwa imemaliza mechi zake siku moja kabla. Baada ya fedheha hiyo, mechi za mwisho za kila kundi katika Kombe la Dunia zilianza kuchezwa kwa wakati mmoja kuanzia mwaka 1986, na utaratibu huo ukaenea kwenye mashindano mengine. Siku ya mwisho ya Ligi Kuu ya Uingereza, mechi zote kumi huanza pamoja.

Uamuzi uliokusudiwa kulinda haki uwanjani uliwafikia wenye vibanda kama gharama. Mwenye runinga moja alilazimika kuchagua wateja gani awapoteze. Katika mji wa mpakani kama Bwera, ambako wafanyabiashara kutoka Beni na Butembo huvuka kwa shughuli zao, mashabiki wa Korongo wa Uganda na wa Chui wa Kongo huweza kukaa benchi moja. Runinga ya pili ikawa lazima, na pamoja nayo king'amuzi cha pili.

Hapo ndipo vituko vinapoanza. Ving'amuzi viwili vya aina moja husikiliza rimoti moja. Mhudumu akibadilisha chaneli ya skrini ya kulia, ya kushoto nayo huhama, na kelele za ukumbini huwa za haki kabisa. Tiba yake haigharimu kitu: jicho la king'amuzi kimoja lizibwe kwa utepe mweusi, au king'amuzi hicho kiwekwe ndani ya boksi, na mlango wa boksi ufunguliwe tu pale kinapohitaji amri.

Zikiganda zote, ikiganda moja

Mpangilio wa pili ni ule wa mechi kubwa: king'amuzi kimoja, skrini nyingi. Kati yao hukaa kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita splita, kinachoigawa picha moja kwenye nyaya kadhaa. Picha inapokatika, lawama ya kwanza kwa kawaida huiangukia runinga, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Ni lawama inayowapotezea watu fedha. Runinga ipo mwisho wa mnyororo, nayo huonyesha ugonjwa wa kila kilichoitangulia.

Swali la kwanza liwe hili: je, skrini zote zimeganda kwa pamoja, au ni moja tu? Zikiganda zote kwa sekunde ile ile, hakuna sababu ya kuzigusa runinga. Hitilafu iko juu ya splita: kwenye dishi, kwenye waya wa dishi, kwenye king'amuzi, au mbinguni kwenyewe. Masafa yanayotumiwa na setilaiti nyingi za televisheni hudhoofishwa na mvua kubwa, na Rwenzori haina uhaba wa mvua. Ikiwa wingu limeshuka juu ya Kasese na picha imevunjika vipande vipande, fundi bora ni subira. Milima yenyewe si kikwazo kwa dishi kama wengi wanavyodhani. Kasese iko karibu na mstari wa ikweta, kwenye nyuzi 30 mashariki hivi, na setilaiti inayotumiwa na DStv imesimama kwenye nyuzi 36 mashariki; dishi huitazama karibu utosini. Wanaoumizwa na milima ni wanaotegemea mawimbi ya minara ya ardhini, yale yaliyochukua nafasi ya analojia baada ya tarehe ya kimataifa ya Juni 17, 2015, kwa sababu mawimbi hayo hayapandi kilima na kuteremka upande wa pili.

Ikiganda skrini moja huku nyingine zikiendelea, king'amuzi hakina kosa. Tatizo liko kati ya splita na skrini hiyo. Waya wa HDMI wa kawaida, ukipita mita 10 hadi 15, huanza kupoteza picha, hasa picha yenye ubora wa juu. Kibanda kinapopanuliwa na skrini ya nyuma kusogezwa, waya mpya mrefu hununuliwa kwa bei ya chini, na hapo ndipo cheche nyeupe zinapoonekana kwenye nyasi za uwanja.

Kuna hitilafu ya tatu, nayo ndiyo inayowachanganya hata mafundi wazoefu. Skrini hubaki nyeusi kabisa, au huwaka na kuzimika kila baada ya sekunde chache, ilhali nyaya zote ni nzima. Kwa kawaida chanzo ni kutoelewana kwa vifaa. Kila runinga humwambia mtumaji ni picha ya kiwango gani inayoiweza. Ukichanganya runinga mpya na ya zamani, splita huweza kutuma picha ambayo ya zamani haiisomi. Aidha, ving'amuzi vina ulinzi dhidi ya kunakili: vikikutana na projekta kuukuu isiyojua kujitambulisha, huizuia picha. Kwa kutoelewana, king'amuzi kishushwe hadi kiwango ambacho runinga dhaifu kuliko zote inakiweza, mara nyingi 720. Kwa ulinzi, mpangilio wa kuwasha una maana: skrini kwanza, kisha splita, king'amuzi mwisho, ili kinapoamka kiwakute wote macho. Projekta isiyoweza kujitambulisha haitatibiwa na waya wowote halali.

Njia ya kuutafuta ugonjwa ni ile ile kwa yote. Ng'oa kila kitu. Unganisha king'amuzi na runinga moja kwa waya mfupi unaojulikana kuwa mzima. Picha ikitokea, ongeza splita. Kisha skrini ya pili. Kisha waya mrefu. Kilichoongezwa mwisho kabla ya kuharibika ndicho mshukiwa. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja dakika tano kabla ya mechi huenda akapata picha, lakini hatajua kilichomponya, na wiki ijayo ataanza upya.

Umeme, giza na mlango

Aprili 1, 2025, kampuni ya serikali ya UEDCL ilichukua usambazaji wa umeme kutoka kwa Umeme, ambayo mkataba wake wa miaka 20 ulikuwa umemalizika. Kwa mwenye kibanda, jina lililo kwenye ankara halina uzito kama kile kinachotokea umeme unapokatika dakika ya 80 na kurudi dakika ya 82. Runinga huwaka upesi. King'amuzi huhitaji dakika kadhaa kuamka. Na salamu zao zikipishana, skrini hubaki nyeusi na umati huamini kwamba king'amuzi kimeungua. King'amuzi na splita hutumia umeme mdogo sana ukilinganisha na runinga. Betri ya akiba inayovihudumia hivyo viwili pekee ni nafuu zaidi kuliko ile ya kuhudumia ukumbi mzima, na huliondoa tatizo lenyewe: jenereta ikiwashwa, runinga zinawaka na kuikuta picha tayari inasubiri. Katika vituo vya vilimani vinavyotegemea sola, hesabu ni ile ile.

Hata hivyo, kabla ya betri ya king'amuzi, inastahili kununuliwa betri ya taa. Julai 11, 2010, watu zaidi ya 70 waliuawa Kampala kwa mabomu katika klabu ya raga ya Kyadondo na mgahawa wa Ethiopian Village, walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Tangu hapo upekuzi mlangoni ulizoeleka nchini. Kasese ina jeraha lake la karibu zaidi: shambulizi la Juni 2023 katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, lililoua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Katika eneo lenye kumbukumbu hiyo, ukumbi uliojaa ukitumbukia gizani ghafla hauna nafasi ya mzaha. Kibanda chenye mlango mmoja, nyaya zikiwa zimetambaa sakafuni mbele yake, ni hatari kabla mtu yeyote mwenye nia mbaya hajafika. Nyaya zipite juu.

Sauti ni ya nani

Skrini zinaweza kuwa nne, lakini masikio ya ukumbi huvumilia sauti moja. Ndiyo maana uamuzi wa skrini ipi iunganishwe na amplifaya ni uamuzi wa lugha, hata kama anayeufanya ni kijana aliyeshika bisibisi. Kiswahili kiliwekwa katika Katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu lugha hiyo. Kibandani, tamko hilo huishia kwenye tundu la waya wa sauti.

Njia rahisi ni kuangalia king'amuzi chenyewe. Baadhi ya chaneli hubeba sauti zaidi ya moja, na lugha hubadilishwa kwa rimoti bila picha kuguswa. Wahudumu wengi hawajawahi kuifungua menyu hiyo. Azam TV ya Tanzania, ambayo pia huuza ving'amuzi Uganda, hutangaza ligi ya kwao kwa Kiswahili, na mashabiki wa Simba na Yanga hawahitaji mkalimani.

Njia inayojaribiwa mara nyingi na kushindwa ni redio. Runinga hunyamazishwa, redio inayotangaza kwa Kiswahili huunganishwa na spika, na dakika ya kwanza watu hufurahi. Kisha mtangazaji hupaza sauti ya goli wakati mpira kwenye skrini bado uko katikati ya uwanja. Picha ya setilaiti husafiri takriban kilomita 72,000, kupanda na kushuka, safari ya robo sekunde. Lakini kubanwa na kufunguliwa kwa picha huongeza sekunde kamili, na anayetazama kwa intaneti huweza kuchelewa kwa makumi ya sekunde. Redio ya FM haina mizigo hiyo.

Kasoro ndogo ya aina hiyo huingia hata pasipo redio. Amplifaya ikichukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye king'amuzi, sauti huifikia hadhira kabla runinga haijamaliza kuichakata picha. Kwa mujibu wa mapendekezo ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, mtazamaji huanza kugundua sauti inapotangulia kwa milisekunde 45 tu, ilhali ikichelewa haigundui hadi ifike takriban 125. Dawa ni kuitoa sauti kwenye runinga yenyewe, kupitia tundu lake la spika za nje.

Lakini Uganda ina suluhisho la kale kuliko haya yote, nalo halijapewa uzito unaostahili. Tangu enzi za kanda za video, vibanda vya nchi hii vimekuwa na VJ, mtu mwenye kipaza sauti anayeifasiri filamu kwa Luganda na kuitia chumvi huku ikiendelea. Filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, ilijulikana duniani kwa sauti ya VJ Emmie kama ilivyojulikana kwa risasi zake. Mtangazaji aliyeketi ukumbini hana tatizo la ucheleweshaji, kwa sababu anaona kile wanachokiona wateja, kwa sekunde ile ile. Hahitaji setilaiti wala menyu. Anahitaji kipaza sauti, tundu la ziada kwenye amplifaya, na Kiswahili kinachoeleweka pande zote mbili za mto Lhubiriha.

Kikwazo kinachobaki ni cha sheria na cha siku moja. Usajili wa king'amuzi cha nyumbani hauruhusu kuonyesha kwa kiingilio, na sheria ya mawasiliano ya mwaka 2013 inawataka wenye kumbi za kuonyesha filamu na video wawe na leseni ya Tume ya Mawasiliano, UCC. Msako ukifanyika wiki ya mashindano, waya mzuri hautamsaidia mtu. Na ile siku moja ni siku ya mwisho ya makundi. Kongo ikifuzu, droo ikaiweka kundi moja na Uganda, na ratiba ikazitenganisha, kila moja na mpinzani wake saa ile ile, VJ mmoja hataweza kuzitangaza skrini mbili. Bwera itahitaji vibanda viwili, kimoja kwa kila mechi, vyenye ukuta mnene kati yake.