Mazungumzo ya Nyumbani: Kinda wa njiwa aliyeachwa na wazazi wake

Mwezi uliopita, asubuhi moja kabla ya kengele ya darasa, kijana wa darasa la sita alinijia akishika kofia yake kwa mikono miwili, kama mtu anayechukua mayai. Ndani ya kofia mlikuwamo makinda wawili wa njiwa, wenye umri wa siku nane hivi, manyoya yao yakianza kuchomoza kama miiba. Wa kwanza alikuwa mnene, akipiga kelele na kugonga vidole vyangu kwa mdomo. Wa pili alikuwa nusu ya mwenzake, kichwa kimelala, na mwili wake baridi kama jiwe la mtoni.

Kijana akasema: «Shikamoo, Mwalimu. Hawa wazazi wao wamewakataa. Tangu jana mchana sikumwona mama yao kiotani. Naomba unifundishe kuwalisha kwa mkono.»

Yafaa mjue kwamba kijana huyu hafugi njiwa kwa mchezo tu. Baba yake amekwisha kufa, naye huuza njiwa sokoni apate daftari zake na sabuni ya mama yake. Kwake yeye, makinda wawili si kitu kidogo.

Kabla ya kumjibu nilikumbuka aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu mpya, niliokota kinda wa njiwa chini ya dari la darasa. Nikamhurumia, nikamtilia maziwa ya ng'ombe kinywani kwa kijiko, maziwa baridi yaliyobaki tangu asubuhi. Usiku wa pili alikufa. Sikumchukia kinda yule. Nilimpenda, lakini nilimwua kwa kutojua kwangu. Basi leo nataka kuwaambia yale ambayo ningalifurahi kuyasikia siku ile.

Swali la kwanza: je, ameachwa kweli?

Nilimshika yule mnene nikampapasa chini ya shingo. Hapo ndege ana kifuko ambamo chakula hukaa kabla ya kushuka tumboni. Kifuko chake kilikuwa kimejaa, na punje za mtama zilijulikana chini ya ngozi. Nikamwuliza kijana: «Mwanangu, ni nani aliyemlisha huyu alfajiri?» Akatazama chini. Kumbe wazazi wapo, na kazi yao wanaifanya!

Kosa hili ni la watu wengi. Njiwa hutaga mayai mawili, nao huyalalia kwa muda wa siku 17 au 18, baba kwa zamu yake na mama kwa zamu yake. Makinda wanapozaliwa, macho yao yamefumba, nao hawana manyoya ila malaika ya manjano. Siku hizo mzazi mmoja hukaa juu yao karibu sikuzote. Lakini wanapopata siku saba mpaka kumi, wazazi huanza kuwaacha peke yao mchana, huja kuwalisha mara chache tu, kisha hurudi kazini. Na tena, makinda wakikaribia majuma mawili au matatu, huenda mama akataga mayai mengine mahali pengine, naye baba hubaki kuwalisha wale wakubwa. Mtu asiyejua husema: «Mama amewatupa.» Sivyo. Mama ameanza kazi nyingine, na baba yupo.

Kwa hiyo, usihukumu kwa kukosa kumwona mzazi kiotani. Hukumu kwa kinda mwenyewe. Mpapase kifuko asubuhi, adhuhuri na jioni. Kikiwa kitupu nyakati zote tatu, na mwili wake ukiwa baridi, hapo ana shida. Kikiwa kimejaa, mrudishe upesi. Wala usiogope maneno ya wale wasemao kwamba ndege humkataa mtoto wake aliyeguswa na mtu. Njiwa wa nyumbani hawafanyi hivyo.

Yule mnene alirudishwa kiotani mara moja. Akabaki mdogo.

Kwa nini mmoja hunyimwa?

Yai la pili hutagwa karibu siku mbili baada ya lile la kwanza. Mara nyingi kinda wa kwanza hutangulia kutoka, akashiba mapema, akapata nguvu ya kumsukuma mwenzake. Wazazi humlisha anayenyosha shingo kwa nguvu zaidi. Aliye dhaifu hukosa chakula. Akikosa, huzidi kuwa dhaifu. Akizidi kuwa dhaifu, hawezi tena kuomba. Hapa hakuna chuki ya mzazi. Lakini ziko sababu nyingine ambazo mfugaji sharti azitafute: wazazi ambao ni wachanga na hawajazoea, nafaka haba, panya wanaosumbua usiku, utitiri kiotani, au mwewe aliyemchukua mzazi mmoja. Mtazame kinda pia ndani ya kinywa: ukiona utando wa manjano kama jibini, ni ugonjwa, na chakula peke yake hakitamponya. Mtenge na wenzake, ukamwulize mganga wa mifugo.

Joto kwanza, chakula baadaye

Hili ndilo nililokosa kulijua zamani. Kinda aliye baridi hawezi kuyeyusha chakula. Ukimlisha, chakula hubaki katika kifuko, huchacha, naye hufa. Basi tulimweka yule mdogo katika kikapu chenye kitambaa kikavu, tukatia ndani chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa nguo, upande mmoja tu, ili aweze kujitenga nayo akiona joto limezidi. Makinda wa siku za kwanza huhitaji joto la digrii 35 hivi. Kadiri manyoya yanavyoota, joto hupunguzwa. Huku kwetu milimani Kivu, usiku una baridi, basi maji ya chupa sharti yabadilishwe. Tulingoja karibu saa nzima. Alipoanza kuinua kichwa, tulijua ya kuwa saa ya chakula imefika.

Chakula chake

Njiwa hawafanani na ndege wengi. Siku za kwanza, baba na mama wote wawili hutoa katika kifuko cha koo namna ya maziwa mazito, yenye nguvu nyingi ya kujenga mwili na mafuta, nao huwalisha watoto hayo tu. Siku chache baadaye huanza kuyachanganya na nafaka iliyolainika. Heroe nao hutoa maziwa ya namna hii, lakini ni ndege wachache sana wenye kipawa hicho. Maziwa haya hayana sukari ile iliyomo katika maziwa ya ng'ombe, wala tumbo la ndege haliwezi kuiyeyusha sukari hiyo. Ndiyo maana maziwa yangu ya kijiko hayakuwa chakula, bali yalikuwa madhara.

Nami nawaambia wazi: kinda wa siku moja hata tatu, akikosa maziwa ya wazazi, ni vigumu sana kumwokoa kwa mkono. Dawa iliyo bora ni kumtia katika kiota cha njiwa wengine wenye makinda wa umri uleule. Mara nyingi humpokea na kumlea kama wa kwao. Yule kijana hakuwa na jozi nyingine yenye makinda. Lakini kinda wake alikuwa na siku nane, na kwa umri huo tumaini lipo.

Tulichemsha yai mpaka likawa gumu, tukaponda kiini chake, tukakichanganya na uji laini wa mahindi uliochujwa, usio na chumvi wala sukari. Uji uwe mwepesi wa kumiminika, tena uwe vuguvugu, digrii 38 mpaka 40. Usiye na kipimajoto, tia tone juu ya kifundo cha mkono kwa ndani, kama mama apimavyo uji wa mtoto: usikie joto, usiungue. Uji wa moto huunguza kifuko. Uji wa baridi humrudisha kinda katika hatari ileile.

Namna ya kumlisha

Makinda wa ndege wengine hupanua kinywa juu, nawe huangusha chakula ndani. Kinda wa njiwa hufanya kinyume: yeye huingiza mdomo wake ndani ya kinywa cha mzazi, akanywa. Basi tuliiga njia hiyo. Tulichukua bomba la sindano lisilo na sindano, tukakata ncha yake ili tundu liwe pana, tukalisugua mpaka likawa laini, tukalifunika kwa kitambaa chenye tundu dogo katikati. Tukaweka uji ndani, tukauelekeza mdomo wa kinda kwenye tundu. Mara ya kwanza hakujua. Tulimsugua taratibu pembeni mwa mdomo kwa vidole viwili. Ghafla akaingiza mdomo, akatikisa mabawa yake mafupi, akanywa. Kijana akacheka kwa sauti, na machozi yakamtoka.

Angalieni mambo haya manne. Kwanza, msimminie kinda maji au uji kooni kwa nguvu, kwani njia ya pumzi iko nyuma ya ulimi, naye aweza kuzama. Pili, msilishe mpaka kifuko kiwe kigumu. Kiwe kimejaa, lakini laini kama shavu la mtoto. Tatu, msilishe tena kabla chakula cha kwanza hakijashuka, na kila siku kifuko kipate kuwa kitupu angalau mara moja. Nne, msitafune mahindi na kumlisha kwa kinywa chenu, kama wafanyavyo watoto wengine. Mate ya mtu yana vijidudu vinavyomdhuru ndege, na ndege naye aweza kumwambukiza mtu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika na baada yake.

Akipata siku kumi na zaidi, aweza kupewa njegere zilizochemshwa kidogo, moja moja, zikisukumwa nyuma ya ulimi. Maharage mabichi msimpe kamwe, maana yana sumu.

Kusaidia, si kunyang'anya

Sasa nafika kwenye jambo lililo kubwa kuliko uji. Kinda alipopata nguvu, yule kijana alitaka kumweka nyumbani kwao. Nikamkataza. Tulimrudisha kiotani kwa ndugu yake, tukaweka majani makavu mapya. Kila siku, alfajiri, adhuhuri na jioni, kijana alimpapasa kifuko. Kikiwa kitupu, alimwongezea uji. Tena asubuhi alimtoa yule mnene kwa muda mfupi, akimweka kikapuni penye joto, ili wazazi wanapokuja wamlishe kwanza yule mdogo. Siku ya nne aliniletea habari mbio: «Mwalimu, leo kifuko chake kilikuwa na mtama, na mimi sikumpa mtama!» Baba yake, yaani yule njiwa dume, alikuwa amemlisha mwenyewe.

Ndege aliyelelewa na watu peke yake hupata hasara nyingine isiyoonekana upesi. Mtaalamu Konrad Lorenz wa Austria aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1935. Alionyesha kwamba vitoto vya bata bukini vinavyomwona mtu kwanza humfuata mtu huyo kama mama. Mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, Karl von Frisch na Nikolaas Tinbergen. Njiwa aliyelelewa upweke mikononi mwa mtu huenda akatafuta mwenzi kwa watu, asiwajue njiwa wenzake. Ikiwa hamna budi kumlea nyumbani, mleeni pamoja na kinda mwingine, na mara ajuapo kula mwenyewe, mpelekeni bandani.

Na hapa nina neno kwa wale wanaonunua kasuku wachanga. Mwuzaji husema: «Nilimwokota, mama yake amemwacha.» Msimsadiki upesi. Kasuku wa kijivu huzalia katika shimo la mti mrefu, na watoto wake hukaa humo karibu majuma kumi na mawili. Mara nyingi aliyewafikia alipanda mti huo ili kuwaiba, au aliukata. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya nchi kwa nchi ya kasuku hawa wanaokamatwa mwituni, kwa kuwa wanazidi kupungua, na Kongo ni mojawapo ya nchi walikochukuliwa kwa wingi. Anayemnunua kinda wa namna hii hamwokoi yatima. Anamlipa mtu aliyemfanya kuwa yatima, naye kesho atapanda mti mwingine.

Mwisho wa habari

Jana kijana alinialika bandani. Makinda wote wawili wamepata manyoya. Mdogo bado ni mdogo kuliko nduguye, lakini amesimama ukingoni mwa kiota akipigapiga mabawa. Nilimwuliza kama atamwuza. Akafikiri kidogo, akajibu: «Mnene nitamwuza, Mwalimu, nahitaji daftari. Huyu nitamweka awe na makinda wake.»

Wasomaji wapenzi, huruma ni kitu chema, lakini huruma isiyotazama kwanza huweza kuwaondolea wazazi watoto ambao hawakuwatupa. Papasa kifuko kwanza. Tia joto. Lisha kwa kiasi. Kisha mrudishe mtoto kwao.

Kwa leo yatosha. Tuonane juma lijalo.

Mwalimu wenu