NYUMBA NA AFYA: Jiko Likaguliwe Kabla ya Kuwashwa

Watu wa pande za Garissa, Wajir na Mandera wamezoea moto tangu utoto. Mama huwasha mafiga kabla ya alfajiri. Mchungaji hukoka moto penye zizi ili fisi wasikaribie. Na hata vyombo vya maziwa hufukizwa kwa vijinga ili maziwa yasiharibike upesi. Kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani kwamba hana la kujifunza juu ya jambo hili. Lakini moto ni ule ule. Kilichobadilika ni nyumba.

Zamani nyumba ya Wasomali iitwayo aqal, iliyojengwa kwa fito zilizopindwa, ilifunikwa kwa mikeka na ngozi. Mikeka hupitisha hewa, na moshi ulipata njia. Siku hizi nyumba nyingi za namna hiyo, pamoja na zile za kambi za wakimbizi za Dadaab zilizoanzishwa mwaka 1991, hufunikwa kwa turubai na plastiki. Vitu hivyo huzuia mvua vizuri, lakini huzuia hewa pia. Tena plastiki ikishika moto huyeyuka na kudondoka juu ya waliomo, hali matone yake yangali yakiwaka. Naye mwenye kazi ya mshahara mjini hupanga chumba cha matofali na mabati chenye dirisha moja dogo, kisha huingia humo na jiko lile lile.

Yafaa jiko litazamwe wakati limepoa, mchana kweupe. Kama ni mafiga, sufuria tupu iwekwe juu yake na kutikiswa kwa mkono. Ikiyumba, mawe yapangwe upya, kwa maana uji wa moto humwagika juu ya mtoto aliyechutama karibu. Mawe yaliyookotwa karibuni katika maji ya Tana hayafai: maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke, na jiwe likapasuka kwa kishindo. Kama ni jiko la makaa lenye udongo ndani, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, mwenyewe atazame kama udongo umepasuka au umebanduka, na kama miguu imekaa sawa. Liwekwe juu ya ardhi tupu, si juu ya mkeka.

Kisha atazame juu na pembeni. Upepo wa kusi, uvumao tangu Juni hadi Septemba, huchukua cheche mbali kuliko mtu anavyodhani, na nguo pana za nailoni huruka nao. Mpishi na akunje nguo zake, tena akae upande utokao upepo. Karibu naye kuwe na debe la mchanga. Maji huku ni ghali, bali mchanga haununuliwi. Majivu nayo yasimwagwe njiani, kwa kuwa kaa lililofunikwa na jivu huweza kubaki na moto hata asubuhi, na watoto hutembea miguu mitupu.

Chetezo nacho ni jiko, ingawa wengi hawakihesabu. Baada ya chakula cha jioni huwekwa ubani, nyumba ikanukia, watu wakalala, na makaa yake yakabaki chini ya nguo zilizotundikwa.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko hizo zote haina cheche wala moshi. Usiku wa mvua, Aprili au Novemba, jiko huletwa ndani, mlango ukafungwa kwa ajili ya maji na dirisha kwa ajili ya mbu. Makaa yamekuwa mekundu, hayatoi moshi, basi kila mtu huridhika. Kumbe makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi tuivutayo, hata damu ikakosa nafasi ya kuchukua uhai mwilini. Aliyelala haamshwi na kikohozi; usingizi huzidi tu. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi: jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama mvua italizima na makaa ya shilingi kadhaa yakapotea.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Huku kwetu mambo hayo hudhaniwa kuwa malaria. Lakini malaria haiwashiki watu watano wa chumba kimoja kwa saa moja, kisha ikawaachia wanapotoka nje. Wakionekana hivyo, mlango na dirisha vifunguliwe upesi, wote watolewe penye upepo, jiko likitolewa baadaye. Nao wapelekwe hospitali usiku ule ule, pamoja na yule anayesema kwamba amekwisha pata nafuu, na mama mwenye mimba awe wa kwanza.