Tunalala Gizani Juu ya Moto

Wananchi wenzangu wa Goma, mawingu yakifunguka usiku juu ya volkano yetu, Nyiragongo, wekundu wake huonekana hadi Gisenyi, Rwanda, nasi huku chini tunapapasa kutafuta mshumaa. Kukicha, mama anahesabu faranga za kununulia makaa yaliyochomwa kwa miti ya hifadhi ya Virunga na kuteremshwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao, kutoka Kibumba.

Aibu inazidi tukikumbuka kwamba umeme wa joto la ardhi barani Afrika ulianzia kwetu Kongo. Mwaka 1952, huko Kiabukwa, Katanga, maji ya moto ya nyuzijoto zipatazo 90 yaliendesha mtambo mdogo wa kilowati kama 200 kwa ajili ya mgodi. Mgodi ukafungwa, mtambo ukaachwa. Wakenya walianza Olkaria mwaka 1981, na leo mvuke wa ardhini unawapa zaidi ya theluthi moja ya umeme wao. Walichotuzidi ni subira ya kuchoronga, kukosa, na kuchoronga tena.

Sisemi tukatoboe kreta, la hasha! Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, hutiririka kama uji uliofurika, na nyufa za mlima zinashuka hadi chini ya mji. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mitaa, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilisimama Buhene, mlangoni mwetu. Mtambo wa mamilioni ya dola hauwekwi hapo. Anayetaka joto la kuvuna atazame penye chemchemi, kama Mayi ya Moto huko Rutshuru; na hapo napo pana hifadhi, kwa hiyo si pa kukurupukia.

Basi nani atatuonyesha pa kuchoronga? Ni walewale wanaotuambia wakati wa kukimbia. Mitetemo, gesi, ramani za nyufa, hata mazuku, ile hewa nzito inayoua mbuzi na watoto mabondeni upande wa Sake: vyote hupimwa na OVG, Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma. Tumekitendea nini kituo hiki? Msaada wa Benki ya Dunia ulipokoma mwaka 2020, kilikaa miezi bila hata intaneti ya kupokea vipimo kutoka mlimani. Intaneti, jamani, ambayo kijana wa mtaa wa Birere hujinunulia kwa vocha! Mlima ulipopasuka mwaka 2021, watu waliona anga jekundu kabla ya kusikia tangazo lolote.

Atatokea wa kunikatiza: mji uko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari 2025, nawe unatuletea habari za mvuke? Naam, nazileta. Vita vinaweza kuzuia kuchoronga, lakini kupima hakungoji amani, maana vipimo vya mwaka uliopita bila kupimwa havipatikani tena kwa bei yoyote. Na bwawa la umeme la Matebe, kwenye mto Rutshuru, lilizinduliwa mwaka 2015 katika jimbo hilihili la bunduki.

Wafanyabiashara, maaskofu, walimu wa vyuo, msikae mkimngoja mfadhili. Changeni. Na yeyote atakayeshika hazina ya mji huu, aulizwe kila mwisho wa mwezi, mbele ya watu: watumishi wa OVG wamelipwa?