Kipepeo wa Mlimau na Ufundi wa Kuikamata Nuru

Ikiwa una mlimau au mchungwa nyuma ya nyumba yako huko Ruiru au Thika, msimu wa mvua toka nje uutazame vizuri. Miongoni mwa vipepeo wanaoujia huenda ukamwona mmoja mweusi, mkubwa, mwenye ukanda wa samawati inayoelekea kijani uliokatiza mbawa zake. Wanasayansi humwita Papilio nireus. Viwavi wake hula majani ya miti ya jamii ya milimau, pamoja na ule mti wa msituni ambao Wakikuyu huuita murarachi. Huyo ndiye mwalimu wetu wa leo, kwani anao ufundi ambao wanadamu wameugundua juzi tu: kuikamata nuru na kuiamuru iende atakako.

Pengine utauliza, nuru hukamatwaje? Ukifunga dirisha hupenya kwenye ufa. Ukiifumbata mkononi, ukifungua huoni kitu. Lakini nuru ni mawimbi, na mawimbi yana desturi zake. Anayezijua desturi hizo anaweza kuyatega.

Jaribuni hili nyumbani usiku. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, uitoboe tundu dogo kwa msumari karibu na kitako. Ziba tundu hilo kwa kidole na uijaze maji. Zima taa, mwanao aelekeze tochi kwenye tundu kutoka upande wa pili wa chupa, kisha uondoe kidole. Maji yatachuruzika yakipinda hadi kwenye beseni, na nuru itapinda pamoja nayo! Ukikinga kiganja pale maji yanapoangukia, utaona doa la mwanga. Sababu ni kwamba nuru inapogonga ukingo wa maji kwa mshazari hurudishwa ndani, tena na tena. Daniel Colladon aliwaonyesha watu wa Geneva jambo hili katika karne ya 19.

Nyuzi za kioo zinazotuletea intaneti hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka wa 2009, na siku hizi ujumbe unaotumwa kutoka Thika husafiri ukiwa nuru ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Hata hivyo, uzi huo una kasoro. Hata kioo kiwe safi namna gani, kwa kila kilomita 15 hivi nusu ya nuru hupotea. Kutoka Ruiru hadi Thika, mwendo wa kilomita zipatazo 20, inayofika haitimii nusu. Tena, uzi ukikunjwa sana nuru huvuja, na ikikuta dosari njiani sehemu yake hurudi ilikotoka.

Hapo ndipo wataalamu walipoanza kutafuta mtego mwingine. Mwaka wa 1987, Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kivyake, walipendekeza kitu kinachoitwa fuwele ya nuru. Ukipita kando ya mashamba ya mananasi ya Thika, utaona kwamba safu zikikuelekea unaona hadi mwisho wa shamba, lakini ukisogea kidogo zinajifunga. Mimea ni ile ile, ila mpangilio ndio unaofungua na kufunga. Fuwele ya nuru nayo ina vitundu au vijiti vilivyopangwa kwa safu, isipokuwa nafasi kati yake ni ndogo mno, chini ya urefu wa wimbi moja la nuru. Wimbi la nuru tunayoiona halizidi sehemu 700 za milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Kila kitundu hurudisha sehemu ya wimbi, na vipande hivyo vikiungana, nuru ya rangi fulani hukosa njia ya kupita kabisa.

Sasa turudi kwa kipepeo wetu. Mwaka wa 2005, Pete Vukusic na Ian Hooper wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walieleza walichokiona katika magamba ya ukanda wake. Kuna rangi inayofyonza nuru ya angani na kuitoa upya ikiwa ya samawati-kijani. Kuna fuwele ya vitundu inayoizuia nuru hiyo isipotelee ubavuni. Na chini yake kuna kioo cha tabaka tatu kinachoirudisha juu. Miaka minne tu kabla yake, Alexei Erchak na wenzake huko MIT, Marekani, walikuwa wameunda taa ya LED kwa mpango huo huo, ili nuru isikwame ndani ya taa. Kumbe kiwavi wa Thika alikuwa na mchoro wake tangu enzi!

Lakini wanadamu wamekwenda hatua moja zaidi, nayo inatokana na hesabu iitwayo topolojia. Mfinyanzi anaweza kuigeuza bangili ya udongo mbichi iwe kikombe chenye mkono bila kuziba wala kutoboa chochote, kwa kuwa vyote viwili vina tundu moja. Sahani hawezi kuitoa humo mpaka azibe tundu. Idadi ya matundu haibadiliki kidogo kidogo. Ni sifuri, au moja, au mbili. Fuwele za nuru nazo zina hesabu za namna hiyo. Fuwele mbili zenye hesabu tofauti zikikutana, hesabu lazima ibadilike mpakani, na mabadiliko hayo huifungulia nuru njia kwenye mpaka huo.

Duncan Haldane na Srinivas Raghu walichapisha wazo hilo mwaka wa 2008. Mwaka uliofuata, wataalamu wa MIT walilithibitisha kwa mawimbi mafupi ya redio na vijiti vilivyowekwa kwenye nguvu za sumaku. Fikiria matatu isiyo na gia ya kurudi nyuma katika barabara ya upande mmoja: ikikuta jiwe haina budi kulizunguka. Ndivyo ilivyokuwa. Waliweka kizuizi cha chuma njiani, nayo mawimbi yakakizunguka na kuendelea mbele. Mwaka wa 2016 Haldane alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya topolojia katika maada, na mwaka wa 2018 watafiti wa Israel na Marekani walionyesha leza ambayo nuru yake huzunguka ukingoni bila kujali dosari. Kazi hii ingali zaidi katika maabara, lakini faida yake ni wazi: nuru isiyorudi nyuma haipotezi ujumbe.

Basi nina maneno mawili. Kwako mwanafunzi: utakapofika wakati wa kuchagua masomo, usiiache fizikia kwa kudhani ni ya watu wa ng'ambo. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kiko hapo Juja, katikati ya Ruiru na Thika, na mfano wa kusomea unaruka uani kwenu.

Kwenu wazazi: mashamba ya kahawa yanageuka nyumba za kupangisha, na kila ploti ikijengwa mlimau wa zamani ndio wa kwanza kukatwa. Kabla ya kuinua panga, au kumnyunyizia dawa kila kiwavi, kumbukeni kipepeo huyu hatagi mayai yake juu ya saruji. Mti mmoja uani ukibaki, watoto wenu watapata ndimu za chai, na maabara isiyotozwa karo.