Wasisubiri kidato cha nne

Mwandishi, stadi za maisha zifundishwe, nakuunga mkono, ila hapo uliposema zisubiri kidato cha nne sikubaliani. Huku Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, mtoto wa darasa la sita tayari anaanika dagaa na mama yake kabla ya kwenda shule. Na kuweka akiba ni stadi pia: ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wenye akiba kwenye vikundi walipumua, wengine tuliwaona wakiuza vyombo vya ndani. Binti yangu wa kidato cha pili ndiye aliyenifungulia daftari la biashara yangu ya dagaa: bei ya ndoo ya dagaa wabichi, chumvi, bodaboda, kilichobaki. Hesabu hiyo ilionyesha kwamba dagaa wa kwenye chanja, wasio na mchanga, wananilipa kuliko wa kuanika chini. Ndugu mnaosema kwenye maoni hapo juu kwamba stadi hizi zinapoteza muda wa masomo, hiyo ni hisabati ileile ya darasani! Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea tangu 1967, na mtaala wenye mkondo wa amali ulianza 2024. Sasa walimu wawalete wanafunzi mwaloni waulize, wapime, waandike wenyewe, badala ya kunakili maana ya ujasiriamali ubaoni.