Mpaka wa Busia na Marufuku ya Mitandao ya Kigeni

Je, serikali inapaswa kupiga marufuku mtandao wa kijamii kwa sababu mwenyewe ni mgeni? Swali hili limeulizwa India, iliyoifunga TikTok mwezi Juni 2020. Limeulizwa Marekani, ambako sheria ya Aprili 2024 iliitaka TikTok iuzwe na wenyewe Wachina au ifungwe. Limeulizwa pia Afrika Mashariki, na hapa wapenzi wa Kiswahili hawana budi kulitazama kwa makini, maana sehemu kubwa ya jibu lake imo katika lugha. Aghalabu mjadala huu huendeshwa kutoka Kampala, Nairobi na Dodoma, yaani kutoka kwa wenye kutoa amri. Makala haya yanautazama kutoka mpakani, kuanzia Malaba na Busia hadi Port Victoria ziwani, ambako amri ya serikali moja huwapata watu wa serikali mbili.

Tukio la kuanzia ni la tarehe 12 Januari 2021. Siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu wa Uganda, Rais Yoweri Museveni alitangaza katika hotuba ya televisheni kwamba Facebook imefungwa nchini mwake. Muda mfupi kabla ya hapo, kampuni hiyo ya Marekani ilikuwa imezifuta akaunti ilizosema ni za bandia au za kurudufiwa, na ambazo ilizihusisha na kituo kimoja kilicho chini ya wizara ya mawasiliano ya Uganda. Rais alishikilia kwamba mgeni hawezi kuja kuwaamulia Waganda nani mwema na nani mbaya. Jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa. Ikarudishwa tarehe 18. Facebook haikurudi pamoja nayo. Ilibaki imefungwa mwaka huo na miaka iliyofuata.

Hoja ya Rais si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba kampuni iliyoko California inaweza kumfungia mdomo Mwafrika bila kumwita wala kumsikiliza. Ni kweli pia kwamba faida ya matangazo huvuka bahari huku madhara ya uchochezi yakibaki vijijini. Anayeona hayo akakasirika ana sababu ya kukasirika. Lililo gumu kulikubali ni kwamba ugeni ndio ulioiponza Facebook. Laini nyingi za simu nchini Uganda ni za MTN, ambayo asili yake ni Afrika Kusini, na Airtel, ambayo asili yake ni India. Amri ya kuifunga kampuni ya kigeni ilitekelezwa, basi, na kampuni za kigeni.

Kisha tazama yaliyojiri tarehe 3 Oktoba 2022. Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mwana wa Rais na wakati huo kamanda wa majeshi ya nchi kavu, aliandika katika Twitter kwamba yeye na jeshi lake wangehitaji majuma mawili tu kuuteka mji wa Nairobi. Watu wa Busia na Malaba, ambao jeshi hilo lingewapitia kwanza, walikuwa na haki ya kutocheka. Rais aliwaomba Wakenya radhi, na mwanawe akaondolewa katika ukamanda huo, ingawa siku hiyohiyo alipandishwa cheo kuwa jenerali kamili. Hakuna aliyesikika akidai kwamba Twitter, nayo mali ya wageni, ifungwe kwa kukaribia kuzigombanisha nchi mbili ndugu. Mtandao uliofungwa ni ule uliozigusa akaunti za serikali.

Sasa tuuendee mpaka wenyewe. Msomaji akumbuke kwamba mstari huu haukuchorwa na wenyeji. Hadi mwaka 1902 eneo lote hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda; ndipo Waingereza wakaihamishia Kenya mikoa ya mashariki ya himaya hiyo. Port Victoria, jina lake lenyewe la kigeni, ilifikiriwa kuwa kituo cha mwisho cha reli kabla reli hiyo haijaishia Kisumu mwaka 1901. Wasamia wako pande zote mbili, na Wateso vilevile. Neno bodaboda, lililokwisha kuenea katika Kiswahili chote, husimuliwa kwamba lilizaliwa Busia, waendeshaji wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha wasafiri na mizigo kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine. Tangu Februari 2018, marais wa nchi hizi mbili walipokizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, msafiri hukaguliwa mahali pamoja akapita.

Katika mahali kama hapo, marufuku ya mtandao huwa kitu cha ajabu. Mawimbi ya simu hayaonyeshi pasipoti. Aliyesimama upande wa Uganda akiwa na laini ya Kenya hupata mtandao wa Kenya, na mfanyabiashara wa mpakani, kwa desturi, huwa na laini mbili. Basi mwenye duka karibu na barabara kuu aliisoma Facebook kama kawaida wakati Mganda wa mbali na mpaka, asiye na laini ya jirani, alilazimika kutafuta zile programu za kukwepa vizuizi zijulikanazo kwa herufi VPN. Programu hizo hula bando, na tangu Julai 2021 bando la Uganda limetozwa kodi ya asilimia 12. Kodi hiyo iliingia mahali pa ile ya shilingi 200 kwa siku iliyotozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii tangu Julai 2018. Kwa maneno mengine, mwenye nacho aliendelea kusoma, na asiye nacho akanyamaza.

Hali ni ngumu zaidi ziwani. Mchuuzi wa omena wa Port Victoria ana wateja Busia na Kisumu, na huenda ana mshirika katika visiwa vya Sigulu upande wa Uganda. Akitaka kujua samaki wameingia wangapi, au askari wa doria wako wapi usiku huo, hutuma ujumbe. Tusisahau kwamba wavuvi wa Bunyala wamekuwa wakikamatwa katika maji ya Uganda mara kwa mara, na kwamba habari ya mtu aliyekamatwa huwafikia jamaa zake kwa simu kabla ya kumfikia chifu. Intaneti ya upande mmoja ikizimwa, biashara ya pande zote mbili hulemaa, kwani mazungumzo huhitaji wawili. Wahenga walisema hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi. Katika jambo hili methali imegeuka: mkizi amekasirika na mvuvi ndiye aliyepata hasara. Kampuni yenyewe, yenye watumiaji zaidi ya bilioni mbili duniani, haikuyumba.

Mkenya asiyasome haya kwa kumnyooshea jirani kidole. Agosti 2023 raia mmoja aliwasilisha ombi katika Bunge la Kenya akitaka TikTok ipigwe marufuku kwa kueneza uchafu, marufuku haikupitishwa. Telegram ilizuiwa nchini Kenya wakati wa mitihani ya KCSE ya 2023 na ya 2024, ili kuwazuia wezi wa mitihani, na mamilioni ya watu wasiofanya mtihani wowote wakaadhibiwa pamoja nao. Tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia Bungeni kupinga mswada wa fedha, intaneti ilizorota nchini. Tanzania iliizuia X mwezi Mei 2025, kisha ikazima intaneti katika uchaguzi wa Oktoba mwaka huohuo. Uganda nayo ilizima tena Januari 2026, uchaguzi ulipowadia. Ukizipanga tarehe hizi utaona kwamba nyingi zimeandamana na kura au maandamano. Ugeni wa mwenye mtandao upo mwaka mzima. Mbona unauma majira hayo tu?

Lipo tukio moja la Kenya lenye mafunzo kuliko yote hayo, na ajabu ni kwamba limesahauliwa upesi. Mnamo Julai 2022, majuma machache kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook. Yaliiletea matangazo ya kulipiwa yenye maneno ya chuki na ya kuhimiza mauaji ya kikabila, mengine kwa Kiingereza, mengine kwa Kiswahili. Matangazo hayo hayakukusudiwa kuwafikia watu. Yaliondolewa kabla ya kuchapishwa. Yale ya Kiswahili yaliidhinishwa. Yale ya Kiingereza yalikataliwa kwanza, nayo si kwa sababu ya chuki, bali kwa kukiuka kanuni za sarufi na lugha chafu; yaliposahihishwa kidogo, yakapita pia.

Mwanafunzi wa isimu na alisome hilo mara mbili. Kosa la sarufi ya Kiingereza liligunduliwa. Wito wa kumwaga damu kwa Kiswahili, lugha ya taifa ya Kenya na lugha ya mamilioni ya watu kutoka Lamu hadi Kisangani, haukugunduliwa. Hapo ndipo ugeni wa kampuni hizi unapodhuru hasa: haziisomi lugha ya watu zinaowauzia matangazo. Na ikiwa Kiswahili kimepuuzwa hivyo, Lunyala cha Port Victoria, Lusamia, Kiteso na Kijaluo vitasomwa na nani?

Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kenya iliipa Facebook siku saba ijirekebishe au isimamishwe. Mawaziri wakapinga, wakasema hakuna mtandao utakaofungwa. Walifanya vyema kukataa kufunga. Walikosea kuishia hapo. Tishio lilipoondolewa, dai nalo liliondoka. Mjadala wote ukawa wa kufunga au kutofunga, na lile swali la lugha, ambalo ndilo lililozusha mzozo, likabaki bila mwenyewe.

Waliobaki nalo ni mahakimu. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akikagua maudhui ya Facebook jijini Nairobi kupitia kampuni ya Sama, aliishtaki Meta kwa mazingira mabaya ya kazi. Mwaka uliofuata wakaguzi zaidi ya 180 wakafungua kesi yao. Kampuni ilijitetea kwamba haiko Kenya, kwa hiyo mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliukataa utetezi huo. Tena Aprili 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba inaweza kuisikiliza kesi iliyofunguliwa Desemba 2022 na Abrham Meareg wa Ethiopia, ambaye baba yake, mhadhiri wa kemia Meareg Amare, aliuawa Novemba 2021 baada ya kuandikwa vibaya katika Facebook. Miongoni mwa yanayodaiwa katika kesi hiyo ni kwamba kampuni iwaajiri wakaguzi wa kutosha wanaozijua lugha za Kiafrika.

Yupo atakayesema mahakama ni za mwendo wa kobe, na kwamba taifa linaloungua haliwezi kungoja rufani. Ana haki katika sehemu ya kwanza. Lakini amlinganishe huyo kobe na sungura wa Kampala. Marufuku ya 2021 ilitekelezwa kwa siku moja, na miaka yote iliyofuata haikumlazimisha mwenye Facebook kuajiri hata msomaji mmoja wa Lusoga au Lusamia. Kwa nini amwajiri, ilhali nchi yenyewe imefungwa? Mtandao uliopigwa marufuku hauwezi kudaiwa kitu. Uliobaki wazi unaweza kutozwa kodi, kushtakiwa, kutozwa faini, na kulazimishwa na sheria utangaze kila mwaka una wakaguzi wangapi wa Kiswahili na wa lugha gani nyingine. Sheria ya namna hiyo haijali kama mwenye kampuni ni Mmarekani, Mchina au mzaliwa wa Bumala, na ndiyo maana ni ngumu kwa serikali kuipenda: itawabana wanasiasa wa nyumbani wanaotumia lugha hizohizo kuchochea.

Uchaguzi mkuu wa Kenya unatarajiwa Agosti 2027. Jaribio la Julai 2022 halikuhitaji mitambo ya gharama. Lilihitaji watu wanaojua kuandika Kiswahili na kadi ya kulipia matangazo. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya na Uganda zina wanafunzi wanaozungumza Kiswahili pamoja na Lunyala, Lusamia, Kiteso, Lusoga na Kijaluo. Jaribio hilo linaweza kurudiwa mapema katika lugha zote hizo, matangazo yaondolewe kabla ya kumfikia mtu, na matokeo yapelekwe Bungeni na mahakamani yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili fasaha.